Mwaga Begi Mkekani: Mwongozo wa Vipochi kwa Watu wa Migato

Tandika mkeka uani. Fukuza kuku, waambie watoto wakae mbali, halafu chukua begi lako la mgongoni, fungua zipu zote, lipindue juu chini na ulitikise mpaka likubali. Usisaidie kwa mkono wala usichague kinachotoka. Acha vyote vianguke, ukae chini, uvitazame bila hasira.

Kama wewe ni mkazi wa kawaida wa Migato mwenye shughuli zako, hapo mkekani patakuwa na chaja mbili, moja imekufa tangu mvua zilizopita, kiswaswadu cha akiba kisicho na mfuniko wa nyuma, kalamu nne na kofia sita za kalamu, kipande cha chaki, stakabadhi ya pamba ya msimu ambao hata karani wa mizani ameusahau, kadi ya kliniki ya mtoto ambaye sasa anasoma darasa la tatu, bisibisi, vidonge viwili visivyo na jina, na karanga. Karanga hazikosekani kamwe. Chini kabisa pana vumbi jeusi la mbugani, lile linalogeuka gundi mvua ikinyesha, na nyuzi za pamba zilizong'ang'ania kila kitu.

Hicho ndicho unachobeba kila siku. Mwongozo huu unakuomba ukigawe katika vipochi vitano vyepesi, vya kushonwa kwa fundi cherehani wa gulioni. Unakuomba kwa dhati, kwa sababu huku kwetu begi ndiyo ofisi.

Migato ni kata ya wilaya ya Itilima. Mpaka mwaka 2012 ilihesabiwa ndani ya Bariadi, mkoani Shinyanga. Mwaka huo ukazaliwa mkoa wa Simiyu, na Itilima nayo ikawa wilaya, makao yake Lagangabilili. Ofisi zikasogea karibu kidogo. Mashamba hayakusogea, wala umbali kati ya mji wa mtu na wa jirani yake haukupungua. Msukuma hujenga kwa kujinafasi, mji wake, mashamba yake, na ngitili yake ya malisho ya kiangazi, kwa hiyo anayehudumia watu hapa lazima awafuate walipo. Mwalimu anatembea na madaftari ya kusahihisha. Afisa ugani anazunguka na pikipiki kutoka shamba hadi shamba. Fundi simu ana karakana nzima mgongoni. Mtendaji wa kijiji ana muhuri wa serikali begini pamoja na pedi ya wino, kwa kuwa mwenye ng'ombe anayetaka barua ya kwenda mnadani atamkuta popote: njiani, msibani, chini ya mkwaju. Na pedi hiyo ikifunguka kwa mtikisiko wa bodaboda, kila karatasi iliyomo itapata muhuri, pande zote mbili, hata ile ya kufungia maandazi.

Ubebaji wa mpangilio una historia ndefu upande huu wa nchi. Katika karne ya 19 vijana wa Kisukuma na Kinyamwezi ndio waliobeba mizigo mingi ya misafara kati ya pwani na bara. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, na ulifungwa kwa kipimo: vitambaa peke yake, shanga peke yake, waya wa shaba peke yake. Kisha juu ya mzigo wa tajiri mpagazi akafunga na vya kwake, mkeka wa kulalia na chombo cha kupikia. Watu waliokwenda hivyo hadi Bagamoyo na kurudi hawakuchanganya shanga na unga. Wajukuu zao hawana sababu ya kuchanganya dawa na karanga.

Kuna kizazi kitakachouliza kwa nini tusitumie rambo, kila kitu na rambo lake, kama ilivyokuwa. Rambo limekwisha. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, na aliyekutwa nayo aliwekewa faini inayoanzia shilingi 30,000. Wageni wanaoingia na vile vimfuko vya plastiki vyenye zipu, vya sabuni na dawa ya meno, waliruhusiwa kwa sharti kwamba watoke navyo. Miongozo mingi ya kupanga begi iliyoandikwa kwingine inaanzia hapohapo, kwenye vimfuko hivyo vya kuona ndani, kwa hiyo kwetu haifai tangu ukurasa wa kwanza. Na nikiri ninavyoliona jambo hili: marufuku ile ilitufaa. Rambo lilikuwa linatoa kelele, linachanika, linaruka hadi kwenye ngitili na kuliwa na ndama, na ndani ya begi lilikuwa linajificha chini ya rambo jingine. Mtu alikuwa anapapasa marambo sita kutafuta ufunguo mmoja.

Sasa twende kwa fundi cherehani. Mpelekee malighafi mwenyewe, usimwachie achague, maana atakushonea vyote kwa kitambaa kimoja kilichobaki kwenye sare za shule. Siri yote ya mpango huu iko hapa, na ningependa uishike hata kama mengine utayasahau: kila kipochi kiwe cha kitambaa tofauti, cha kutambulika kwa kiganja. Rangi haitoshi. Rangi inafanya kazi mchana. Begi linahitajika zaidi alfajiri ya giza unapowahi basi pale Bariadi, au usiku umeme ulipokatika na mtu anagonga mlango. Wakati huo macho hayana kazi. Mkono ukiingia begini unapaswa kusema wenyewe: hiki cha dawa, hiki cha karatasi.

Kwa hiyo tafuta tyubu kuukuu ya gari, mwavuli uliovunjika mbavu, mguu mmoja wa jinzi ya mtumba, kipande cha kitenge, na pamba kiganja kimoja. Pamba naamini hutaikosa; tuko katika mkoa unaoongoza nchini kwa kuilima, na ni aibu kubwa begi la mtu wa Simiyu kukosa faida yake.

Tyubu ndiyo ya karatasi. Ikate, ioshe kwa sabuni, ianike kivulini mpaka harufu ipungue, kisha fundi aishone ubavuni na kuacha mdomo wenye ulimi mrefu wa kukunja mara mbili. Usitie zipu, maana maji hupita kwenye zipu. Upana uwe wa kutosha kauntabuku ndogo au karatasi kubwa iliyokunjwa mara moja. Humo kinakaa kitambulisho cha taifa, kadi ya mpiga kura, kadi ya kliniki ya mtoto aliye bado kliniki, stakabadhi za pamba za msimu huu, na kikadi ulichoandika namba yako ya NIDA kwa mkono. Namba hiyo ina tarakimu 20, na anayedai ameikariri mwombe airudie akiwa juu ya pikipiki. Stakabadhi zifungwe pamoja kwa mpira. Msimu wa ununuzi unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi wa Mei, na ikatokea kilo za kwenye daftari la chama cha ushirika hazilingani na za kwako, mwenye karatasi kavu, safi, inayosomeka, ndiye atakayesikilizwa. Nimeona kina mama wazima, wakulima hodari, wakifungua pindo la khanga na kutoa karatasi iliyolowa jasho mpaka tarakimu zimeyeyuka. Mavuno yao yote yalikuwa yameandikwa pale. Kipochi cha tyubu hakigharimu zaidi ya soda chache, na kwa mkulima ningeanza na hicho kabla ya vingine vyote.

Mwavuli ndio wa umeme: chaja, waya, pawabanki, kiswaswadu, laini ya akiba iliyobandikwa kwenye kipande cha boksi. Kitambaa cha mwavuli ni chepesi na kinafukuza maji, lakini kinavuja kwenye tundu za sindano, kwa hiyo ukishamaliza kushona pitisha mshumaa juu ya mshono, nje na ndani. Meno ya zipu nayo yasugue kwa mshumaa huohuo, yatateleza. Waya ukunjwe kwa duara pana na kufungwa kwa kipete ulichokata kwenye mabaki ya tyubu. Waya wa chaja hufia shingoni, pale unapoukunja kwa nguvu kila siku. Betri iliyovimba isiingie humo kabisa. Usiitoboe, usiichome, usijaribu kuichaji mara ya mwisho kwa huruma. Mpelekee fundi simu, naye aiweke mbali na watoto.

Jinzi ni ya kazi. Mguu mmoja kuanzia gotini kwenda chini unatoa kipochi kizuri, kwa sababu tayari umeshonwa ubavuni na kitambaa chake kinavumilia ncha za vyuma. Hapa kila mtu na kazi yake. Mwenye bodaboda ataweka spana ya plagi, viraka, soluseni na kipande cha waya. Mwalimu ataweka kalamu nyekundu na chaki. Chaki zinatengenezwa hapohapo Maswa, mkoani kwetu, na ni vibaya kuzifikisha darasani zikiwa unga, kwa hiyo zitangulie kuingia kwenye kikopo kigumu chenye mfuniko. Mtendaji naye aifungie pedi ya wino kwenye kikopo chake, kikopo kiingie kwenye jinzi, na muhuri ulale pembeni umefungwa kitambaa. Afisa ugani atabeba kamba yake yenye mafundo ya kupimia nafasi za pamba, sentimeta 60 mstari hadi mstari na 30 shina hadi shina, nafasi iliyokuja kuchukua mahali pa ile ya 90 kwa 40 tuliyoizoea. Kamba hiyo isiwekwe na kitu kingine chenye kamba. Ikijisokota na waya wa chaja, wakulima watasimama juani wakimtazama bwana shamba akifumua mafundo, na somo la siku litakuwa limekwisha kabla ya kuanza.

Nimekiacha cha dawa mpaka hapa kwa makusudi, maana ndicho kinachonifanya niandike.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anapofika kwenye mji wenye mtoto mwenye homa, kuna mama anamtazama mikono. Haulizi chochote. Amempakata mtoto, mtoto anapumua haraka, na mama anatazama mkono ule unaoingia begini na kutoka mtupu, unaingia tena na kutoka na kitana, unaingia tena. Mkono unaohangaika namna hiyo unamwambia mama kwamba mgeni huyu hajui anachokifanya, hata kama anakijua vizuri sana. Dakika chache za kupekua haziharibu tiba peke yake, lakini zinaharibu imani, na bila imani mama hatakwenda zahanati atakapoambiwa aende. Kwa hiyo kipochi hiki kishonwe kwa uangalifu kuliko vyote.

Mwambie fundi akate vitambaa viwili vya pamba, atandaze pamba iliyochambuliwa mbegu katikati, na kupitisha mishono ya mistari juu yake, kitoke kama godoro dogo. Sababu yake ni joto. Dawa ya mseto ya malaria inatakiwa kutunzwa chini ya nyuzijoto 30, na mchana wa Simiyu, begi likiwa jeusi juu ya pikipiki, joto la ndani linapita hapo mapema. Godoro la pamba halipoozi kitu, ila linachelewesha joto kuingia, na kwa safari ya kutoka zahanati hadi mji wa mwisho wa kitongoji, kuchelewesha kunasaidia. Ndiyo maana dawa zisiwekwe kwenye tyubu hata siku moja: mpira mweusi unakusanya joto.

Ndani ya godoro hilo fundi ashone vifuko vitatu vya mdomo wazi. Cha kwanza glovu. Cha pili vipimo vya haraka vya malaria, kila kimoja kikiwa bado kimefungwa, maana unyevu unakiharibu kikikaa wazi, kwa hiyo kinachanwa wakati mtoto yuko tayari na saa iko mkononi ya kuhesabia dakika za kusubiri majibu. Cha tatu dawa katika pakiti zake zenye maandishi, na pakiti za chumvi ya kuongeza maji mwilini pamoja na vidonge vya zinki. Mpangilio ufuate mwendo wa kazi, kutoka kushoto kwenda kulia: vaa, pima, tibu. Vitu vya ncha kali vilivyokwisha kutumika havirudi humu. Vina boksi lao la usalama, na boksi hilo linasafiri nje ya vipochi vyote. Na vile vidonge viwili visivyo na jina ulivyovikuta mkekani, virudishe zahanati wakavitupe inavyotakiwa. Usimpe mtu. Usimeze mwenyewe ukitumaini kwamba ni vya kichwa.

Hata usiye mhudumu wa afya utahitaji kipochi cha godoro, kidogo zaidi, chenye dawa unazotumia wewe na watoto wako, pamoja na karatasi ya daktari. Mwenye presha au kisukari aandike kwenye kikadi jina la dawa na kiasi, akiweke juu kabisa. Siku akianguka njiani, mpita njia ndiye atakayefungua begi.

Kinabaki cha kitenge, na hiki ni cha watu wengine. Wanaotoka mjini huwa wanashangaa kwa nini nakihesabu miongoni mwa vitu vya lazima. Huku huwezi kupita na begi bila kusimamishwa. Bibi yuko kizingitini, anakusalimu kwa Kisukuma: "Mwangaluka, mwanangu." Unaitikia, "Mwangaluka, mayu," unapiga goti kidogo, mnaulizana habari za nyumbani, za ng'ombe na za mvua, na mwishoni anauliza kama huna pini. Una pini. Una sindano na uzi mweusi na mweupe, wembe ambao haujatumika, kiberiti, kalamu ya kuazimwa ambayo tayari umeiaga moyoni, na waya mmoja wa chaja wenye vichwa vya aina tatu. Huo ndio wa kuazimisha. Ule wa kwenye mwavuli ni wako, na asiuone mtu. Nasema hivi kwa upendo: chaja ikitoka mkononi mwako kijijini itapita nyumba hadi nyumba, itarudi jioni bila waya, na kila uliyempa atakuwa mkweli akisema hakuutoa yeye. Kipochi cha kitenge kinakuwezesha kuwa mkarimu bila kukosa simu yenye chaji usiku ambao mgonjwa anahitaji pikipiki.

Vikishatimia vitano, kata kipande cha boksi kwa kila kimoja, andika orodha ya vilivyomo, kitie ndani. Ukimwazima jirani kipochi cha kazi, mpe kizima na orodha yake, kitarudi kizima. Hili linafanya kazi kuliko unavyotarajia, kwa sababu mtu akiazimwa bisibisi moja huisahau, lakini akikabidhiwa kitu chenye orodha anajiona amekabidhiwa ofisi.

Kupanga begini hakuna ugumu. Kizito kikae karibu na mgongo na juu kidogo, ambacho mara nyingi ni jinzi; ukiweka vyuma kwenye mfuko wa nje, bodaboda ikipanda kilima begi litakuvuta nyuma na utamkumbatia dereva kuliko mlivyokubaliana. Godoro la dawa katikati, mbali na jua. Mwavuli wa umeme juu ya godoro, ila usigusane nalo siku pawabanki inapochaji simu, maana inatoa joto. Tyubu ya karatasi isimame ubavuni upande wa mgongo wako, ambako mwizi wa stendi hafiki bila kukugusa. Kitenge kwenye mfuko wa nje. Chakula kiwe nje ya mpango huu, kwenye kitambaa chake, na karanga zipewe kikopo.

Vifungue vyote siku moja kila wiki, ukung'ute vumbi, hasa kati ya Juni na Septemba ambapo upepo wa kiangazi unaingiza mchanga hata kwenye zipu iliyofungwa. Mvua zikianza, Novemba hivi, kagua mishono ya mwavuli na uipake mshumaa upya. Ukiteleza na pikipiki kwenye tope la mbuga, begi likatumbukia, usilifungue papo hapo kwa mikono yenye matope. Fika kwanza nyumbani, lioshe nje, ndipo ufungue tyubu. Kama ulimi ulikunjwa mara mbili, stakabadhi zitakuwa kavu.

Safari ya Mwanza, ile ya kupitia Lamadi na Magu, inataka mabadiliko kidogo. Jinzi ibaki nyumbani, na mtu wa nyumbani aonyeshwe ilipo, kwa sababu pikipiki ya jirani itaharibika siku hiyohiyo. Tyubu itoke begini, iingie ndani ya shati ikiwa na ukanda wa shingoni, kwani begi lenyewe huenda likapelekwa buti la basi na konda asiyetaka kubembelezwa. Godoro na mwavuli vipande nawe kitini. Na kitenge usikiache. Kabla basi halijafika Lamadi, kuna abiria atakuwa ameuliza kama kuna mwenye sindano.